Mrija wa Asajile Katika Nchi ya Niabani

Njia niliyopita kwenda Niabani siikumbuki vizuri, na hata ningeikumbuka isingemsaidia mtu, kwa sababu nchi hiyo haifikiwi na anayeitafuta. Ninachokumbuka ni yale niliyoyaona baada ya kufika. Nayaandika sasa yakiwa bado mabichi, maana nimegundua kwamba mtu akikaa na jambo kimya muda mrefu, wengine huja wakalisimulia kwa niaba yake.

Mkononi nilikuwa na kitu kimoja tu cha maana, mrija wa marehemu mume wangu, Asajile. Kwetu milimani pombe ya ulezi tunaiita kimpumu. Inakaa katika chungu kimoja, inaongezwa maji ya moto, na wanywaji wanakizunguka chungu hicho, kila mmoja na mrija wake mrefu wa mwanzi. Mrija wa Asajile ulikuwa umekuwa mweusi kwa miaka, na karibu na mdomo aliuzungushia uzi mwekundu ili usichanganywe na wa mtu mwingine. Alikuwa mchuuzi wa maharage, mtu wa kutembea. Alikuwa na msemo wake: mji usioujua usiuingilie sokoni wala ofisini, uuingilie kilabuni. Aliniahidi kwamba maharage ya msimu ule yakitoka vizuri, tungekwenda wawili katika mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona, tuvizunguke vilabu vyake kimoja baada ya kingine, tukicheka. Maharage yalitoka vizuri. Asajile hakutoka hospitali.

Siku ya mazishi walisema wengi. Mmoja alisema kwa niaba ya ukoo, mwingine kwa niaba ya wafanyabiashara wa soko, mwingine kwa niaba ya majirani. Ilipofika zamu yangu, mwongozaji wa ratiba alisema, "Sasa tutapata neno la mjane, litakalotolewa kwa niaba yake na shemeji yake, Ndugu Ambakisye." Shemeji alisema vizuri. Alisema mjane anashukuru, na kwamba marehemu alikuwa mtu mkweli asiye na mfano. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye kabisa, nimejifunika khanga, na neno langu lilikuwa tayari mdomoni. Nililimeza. Tangu siku ile nilikuwa sijalitamka jina la mume wangu mbele za watu.

Kwa hiyo nilipojikuta katika mji mkuu wa Niabani, na kuona bango lililoandikwa MZUNGUKO WA VILABU, WAGENI MNAKARIBISHWA, nilijiunga papo hapo. Haja yangu ilikuwa moja. Nilitaka kukaa katika kilabu cha mji nisioujua, ninywe kwa mrija wa Asajile, na niliseme lile neno. Basi.

Kiongozi wa mzunguko alikuwa bwana mrefu aitwaye Kisusi, mwenye koti la kijani na filimbi shingoni. Kundi letu lilikuwa na wenyeji wengi kuliko wageni, jambo lililonishangaza, maana sikuwahi kuona watu wakiongozwa kwenda kwenye vilabu vya mtaani kwao. Kila mmoja alipewa kibendera cha karatasi kilichogundishwa kwenye kijiti cha tete. Changu kilikuwa chepesi, kina tundu katikati tangu mwanzo hadi mwisho.

Mama mmoja mnene, mchangamfu, alinishika mkono kana kwamba tulikulia nyumba moja. Aliitwa Zamoyoni.

"Wewe mgeni, dada, kaa na mimi," alisema. "Ukienda na hao wa mbele utapulizwa filimbi mpaka masikio yawake moto."

"Umewahi kuja kwenye mzunguko huu?"

"Mimi? Siukosi. Mama yangu alikuwa haukosi, na bibi yangu alikuwa haukosi."

"Basi utanionyesha pombe iliyo nzuri."

Alinitazama kwa huruma. "Nitaijuaje, dada yangu? Sijawahi kuinywa."

Nilidhani ananitania. Nikacheka peke yangu.

Kilabu cha kwanza kiliitwa Kilabu cha Shukrani. Ndani mlikuwa na mabenchi mengi yaliyoelekezwa upande mmoja, na mbele palikuwa na meza moja, kiti kimoja na kikombe kimoja. Kati ya mabenchi na meza ilipitishwa kamba nene. Ukutani, kwa rangi iliyoanza kubabuka, paliandikwa sheria yao kuu: ASIYEWEZA KUFIKA KWENYE KIKOMBE ATANYWEWA. ANAYEMNYWEA LAZIMA AIJUE KIU YAKE.

Kisusi alitueleza historia yake. Zamani, alisema, watu wa Niabani walikuwa wakinywa wenyewe. Lakini walikuwepo wagonjwa, wazee na waliokuwa mbali, na ilionekana si haki wakose. Ndipo wakateuliwa wanywaji wa kuwanywea wale wasioweza kufika kwenye kikombe. Utaratibu huo ulifanikiwa sana hata ukapanuliwa kwa wote.

"Lakini hawa wamefika," nilisema, nikionyesha mabenchi.

"Wamefika kilabuni," alisema Kisusi. "Hawajafika kwenye kikombe."

"Kwa nini wasifike?"

"Kwa sababu ya kamba."

"Na kamba ni ya nini?"

"Ni ya kuwazuia wasiofika," alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kisha akapuliza filimbi ili tusimame.

Aliingia Mnywaji wa Mtaa. Tulipunga vibendera. Alikula kiapo kwamba anaijua kiu ya kila anayemnywea, akasoma taarifa ya kiu ya mtaa kwa msimu uliopita, akashukuru walioandaa kiti, akanywa. Koo lake lilipanda na kushuka, na watu walilifuata kwa macho, wengine wakimeza mate. Alipoweka kikombe chini, karani alitangaza, "Wananchi wameburudika!" Makofi yakapigwa. Mzee mmoja aliyekuwa benchi la nyuma alisema koo lake bado kavu. Alijibiwa kwa heshima kwamba kiu yake ilikwisha kushughulikiwa, ila yenyewe ndiyo ilikuwa bado haijapata taarifa. Mzee alishukuru, akakaa.

Nyama ilipochomwa, harufu ikajaa ukumbini, na ikaliwa na Kamati ya Meno.

"Hii ya leo imeiva," alininong'oneza Zamoyoni, akiwatazama wanakamati. "Ona yule anavyotafuna. Mwaka jana walikuwa wanavuta tu kama kamba."

Katika kilabu cha pili, kilichoitwa Kilabu cha Mshikamano, tulikuta mjadala umeshaanza. Upande wa kulia walikaa Wanywaji wa Kata, na upande wa kushoto Wanywaji wa Upande wa Pili, wanaosifika Niabani kote kwa ujasiri wao. Kiongozi wao alikuwa amevua koti, anatoka jasho.

"Ni aibu!" alisema. "Ni aibu kwa taifa! Wananchi wana kiu ya kutisha, na Serikali inawanywea kwa kikombe hiki kidogo, kama cha mtoto! Tunadai kikombe kikubwa! Tunadai kikombe cha masikio mawili!"

Wa kulia alijibu kwamba kikombe kinatosha. Shida ni kukinywa kwa pupa. Alipendekeza iundwe tume ya kwenda nchi za nje kujifunza kumeza. Wa kushoto akauliza kama tume hiyo itakuwa na wajumbe wa pande zote. Akaambiwa ndiyo. Akasema katika hilo hana pingamizi.

"Wewe uko upande upi?" nilimwuliza Zamoyoni.

"Kikombe kikubwa," alisema bila kusita. "Mtu akininywea, aninywee kweli kweli."

Wakati wanapiga kura, niliona nafasi yangu. Nilisogea hadi kwenye kamba, nikauchomoa mrija kutoka kwenye khanga. Mlinzi alikuja akiwa anatabasamu.

"Mama, hiyo fimbo ni ya nini?"

"Si fimbo. Ni mrija."

"Wa kufanyia nini?"

"Wa kunywea."

Alicheka kwanza. Kisha akaona sicheki, akageuka kumtafuta Kisusi, naye akaja mbio, akanirudisha benchi kwa kunishika kiwiko.

"Mgeni, nakuomba," alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa mkali. Alikuwa na hofu ya kweli, kama mtu aliyeona mtoto anachezea moto karibu na nyasi. "Kifunike hicho kitu. Unataka kunywa?"

"Si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya mume wangu. Amefariki."

Uso wake ulilainika. "Pole sana, mama. Basi usihangaike. Ameshanywewa. Marehemu wote tunawanywea mwanzo wa mwaka, kikombe kimoja."

"Kwa majina yao?"

"Kwa jumla," alisema Kisusi.

Nilirudi kukaa. Nilihisi ile khanga ya siku ya mazishi imenirudia kichwani. Nilikuwa nimetoka nchi yangu, nikafika nchi ambayo hata ramani haiijui, na huku nako shemeji yangu alikuwa amenitangulia kusema. Zamoyoni aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia habari za mrija na za neno nililolimeza. Aliugusa ule uzi mwekundu kwa kidole kimoja.

"Kimebaki kilabu kimoja," alisema hatimaye. "Kile cha Taifa. Baada ya hapo wageni husindikizwa mpakani, na wanaotoka huwa hawarudi."

Kilabu cha Taifa kilikuwa jengo kubwa kuliko kanisa. Jua la mchana liliingia kwa madirisha ya juu, kwa sababu sheria yao inataka unywaji uonekane. Ukutani hapa nako iliandikwa ile ile sheria yao kuu, na mbele, nyuma ya kamba, palikuwa na chungu ambacho watu wanne wasingeweza kukikumbatia, na mvuke ulikuwa unatoka. Nilipousikia ule mvuke puani, niliitambua harufu yake. Ulikuwa ulezi. Ilikuwa pombe ya kwetu.

Mnywaji Mkuu, Mheshimiwa Lumbasi, aliingia akishikiliwa na vijana wawili. Nilitegemea kuona mtu wa majivuno. Niliona mtu aliyevimba macho, anayetembea kama mama mjamzito wa siku za mwisho. Kuinywea nchi nzima si kazi nyepesi. Nilimsikia akiomba maji, na karani akimkumbusha kwamba maji hayamo katika mamlaka yake.

Alikula kiapo. "Naijua kiu ya kila ninayemnywea."

Karani wa Kiu, mtu mwembamba mwenye miwani, akasema kama ilivyo desturi, "Kuna anayepinga?" Desturi hiyo ni ya zamani, na baada ya swali hilo huachwa kimya kifupi, cha kumtosha karani kujikuna pua. Alikuwa ameshainua kidole kuelekea puani nilipojikuta nimesimama.

"Mimi," nilisema.

Kidole cha karani kikabaki hewani. "Wewe nani?"

"Naitwa Subilaga. Ni mjane wa Asajile."

Sauti yangu ilikuwa ndogo. Lakini ule ukumbi ulikuwa umezoea kutosikia chochote wakati ule, kwa hiyo ilisikika mpaka kwenye mabenchi ya mwisho. Jina lake lilikuwa limetoka. Halikuniua.

"Unapinga nini, mama?"

"Mheshimiwa ameapa kwamba anaijua kiu ya kila anayemnywea. Mume wangu amefariki, hawezi kufika kwenye kikombe, na nimeambiwa Mheshimiwa ndiye anayemnywea. Naomba aniambie kiu ya mume wangu ilikuwaje."

Karani alimtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa alikohoa, akaivuta ile sauti yake nzito, nzuri, ya hotuba.

"Marehemu alikuwa na kiu ya maendeleo."

Vibendera vikapungwa.

"Hapana," nilisema.

Vibendera vikasimama.

"Alikuwa na kiu ya umoja na mshikamano."

"Hapana, baba."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akaugeuza mcheko kuwa kikohozi. Mheshimiwa Lumbasi alijipangusa uso. Safari hii hakusema kwa sauti ya hotuba. "Kiu ya maji safi?"

"Maji safi alikuwa anayakwepa, baba. Tulimlazimisha." Ukumbi ulicheka waziwazi, na mimi nikapata nguvu. "Mume wangu alikuwa anarudi sokoni na vumbi la magunia kooni. Lakini hakunywa mara moja. Alikaa kwanza, akaupitisha mrija puani kama anayeuliza habari za nyumbani, akakiambia chungu 'Ndaga', yaani asante kwa lugha yetu. Akivuta ya kwanza alifumba jicho moja, la kushoto. Akivuta ya pili, ndipo anaanza kusimulia safari zake. Kiu yake ilikuwa hiyo, ya kusimulia. Akikosa wa kumsikiliza, pombe aliiacha kwenye chungu akaenda kulala."

Pakawa kimya. Hakikuwa kile cha desturi.

"Hoja ya utaratibu!" alipiga kelele kiongozi wa Upande wa Pili, maana Wanywaji wa pande zote mbili nao walikuwa wamekuja. "Suala la marehemu tumelisemea siku nyingi! Tunadai anywewe kwa kikombe kikubwa!"

"Marehemu ni wa nje," alisema mmoja wa kulia. "Kiu yake haiko chini ya mipaka yetu."

"Kama ni wa nje, mwanzo wa mwaka mlimnywea kwa mamlaka gani?"

"Kwa ujirani mwema!"

"Kwanza itafitiwe kama mfu anaona kiu!"

"Iundwe tume!"

"Tume ya pande zote!"

Hapo Zamoyoni alipanda juu ya benchi. Benchi lililia. "Kaeni chini nyote na vikombe vyenu!" alisema, na sauti yake haikuhitaji kipaza. "Karani! Una miwani ya nini usoni? Soma ukutani!"

Karani aligeuka. Nina hakika alikuwa ameyaona maandishi yale kila siku ya kazi yake, kama mtu anavyoliona dari la nyumba yake. Sasa aliyasoma polepole, akiyafuata kwa kidole, kama barua iliyoandikwa kwake. "Anayemnywea... lazima... aijue kiu yake."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mheshimiwa, kiu ya marehemu huyu unaijua?"

Mheshimiwa Lumbasi alifikiri. Naandika hili kwa heshima yake, maana angeweza kusema lolote na tungepiga makofi. "Siijui," alisema.

"Nani anaijua?"

"Huyo mama."

"Basi," karani akasema, "kwa mujibu wa sheria, mnywaji halali wa Asajile ni huyo mama. Kamba!"

Walinzi walitazamana. Hakuna aliyewahi kufundishwa kuiondoa. Ni Kisusi aliyekuja, filimbi ikimning'inia kifuani, akaishika ile kamba akainyanyua juu ya kichwa changu kama mtu anayempisha bibi harusi mlangoni.

Nilipiga goti mbele ya chungu. Nikaupitisha mrija puani. Nikasema ndaga. Nikavuta.

Ilikuwa ya moto na kali, imechachuka zaidi ya tunavyopenda sisi, na bado ilikuwa na ule utamu wa ulezi unaokuja mwishoni, ukishameza. Nilipofungua macho niligundua kwamba nililifungua moja tu. La kulia halikuwa limefumbwa. Nikasimama na kuugeukia ukumbi, nikalisema lile neno nililolimeza siku ya mazishi.

"Asajile alikuwa mwongo," nilisema. "Kwenye mazishi walisema alikuwa mkweli asiye na mfano, na nikaona wanamzika mtu mwingine. Mume wangu hakuwahi kumdanganya mtu kwenye mizani, lakini safari zake alizitia chumvi mpaka zikawa chungu. Alifika kwenye miji isiyokuwepo, akala na wafalme wasiozaliwa. Nilimjua kuwa ni mwongo, na kila jioni nilikuwa namsubiri aanze. Huyo ndiye niliyempenda. Huyo ndiye ninayemnywea."

Hawakupiga makofi, na kwa Niabani hiyo ni heshima kubwa. Nilitaka kuondoka pale mbele, lakini njia ilikuwa imezibwa na Zamoyoni.

"Na mimi nina wangu!" alimwambia karani. "Mama yangu, Mwatabu, aliwapigia makofi kwenye kilabu hiki mpaka viganja vikaota sugu, na amekufa hajaonja. Hawezi kufika kwenye kikombe. Na kiu yake naijua mimi niliyelala naye kitanda kimoja!"

"Ilikuwaje?" aliuliza karani.

"Ilikuwa ya hasira!"

Karani alimtazama, akatazama ukuta. "Pita," alisema.

Zamoyoni alifika kwenye chungu, akasimama. Hakuwa na mrija. Aliangalia huku na huku, kisha akaangalia mkononi mwake. Akaibandua ile bendera ya karatasi kwenye kijiti, akapuliza tundu la tete mpaka vumbi likatoka upande wa pili, akalichovya chunguni na kuvuta. Macho yalimtoka.

"Dada!" aliniambia. "Kumbe ni kali!"

"Ndiyo."

"Na miaka yote nilikuwa napiga makofi kwa kitu kikali hivi!" Akavuta tena. "Lakini sasa ukali wake naujua mwenyewe."

Baada ya hapo sijui nani alitangulia. Ilibainika kwamba katika ukumbi ule wote hapakuwa na mtu asiye na marehemu. Walikuja wakiwa wamepanga foleni, kwa sababu ni watu wa utaratibu, na karani aliwauliza mmoja mmoja kiu ya mtu wake ilikuwaje. Mmoja alisema kaka yake alikuwa na kiu ya mtu anayependa kunywa amesimama. Msichana mmoja alisema rafiki yake alikuwa hana kiu kabisa ila hakutaka kubaki nyumbani. Yule mzee wa koo kavu alisema kiu ya mke wake ilikuwa sawasawa na yake, maana walikuwa wakigombania mtungi mmoja. Mwanzoni karani alisema "Pita" kwa sauti ya ofisi. Kufikia katikati ya foleni alikuwa analia na kusema "Pita, pita tu." Karatasi za bendera zilitapakaa sakafuni tukazikanyaga, na matete yalikizunguka kile chungu, manene na membamba, vichwa vimegusana, watu wakisukumana kwa mabega na kucheka. Upande wa Pili nao walizibandua bendera zao, ila walidai wapewe matete marefu zaidi.

Mheshimiwa Lumbasi alikuwa amebaki peke yake kwenye kiti. Nilimwona akiinuka bila kushikiliwa, akaja taratibu mpaka nilipokuwa.

"Mama," alisema, "nimewanywea watu wote wa nchi hii. Mama yangu mzazi sijawahi kumnywea."

"Kiu yake unaijua?"

"Alipenda ya kwanza kabisa," alisema. "Kabla wageni hawajafika. Alikuwa anaonja kidogo, anajipangusa mdomo kwa kitenge, na anatukataza tusiseme."

Zamoyoni alimpa tete. "Shika, baba. Vuta kidogo kidogo, usije ukarudia mazoea."

Alivuta kidogo, akajipangusa mdomo kwa ncha ya joho lake. "Nimetosheka," alisema. Waliokuwa karibu walishtuka, kwa maana katika historia ya Niabani hakuna Mnywaji Mkuu aliyewahi kulitamka neno hilo.

Baraza lao lilikutana hapo hapo, likaridhia kwamba yote yaliyotendeka yalikuwa ndani ya sheria na, zaidi ya hapo, ndiyo sheria yenyewe ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Wa kulia na wa kushoto waligombania nani aliyeyapendekeza kwanza. Ile kamba, nilipoondoka, mke wa mlinzi alikuwa ameshaitumia kuanikia nguo. Kisusi alinisindikiza mpaka mpakani, na njiani alipuliza filimbi kwa wimbo, kitu ambacho alisema hakujua kwamba inaweza.

Nilirudi nyumbani kukiwa kumekaribia siku ya kumkumbuka Asajile baada ya mwaka. Ndugu walikuja, na wenzake wa sokoni, na chungu kikawekwa uani. Mwongozaji wa ratiba alikuwa yule yule. "Sasa," alisema, "tutapata neno la mjane, litakalotolewa kwa niaba yake na..."

"Nipo," nilisema.

Shemeji Ambakisye alikuwa ameshasimama, ameshafunga vifungo vya koti. "Shemeji, wewe pumzika tu. Nitasema."

"Ndaga, shemeji," nilimwambia. "Leo pumzika wewe."

Nikaiondoa khanga kichwani. Nikawaambia kwamba mume wangu alikuwa mwongo. Mama mkwe alishika kifua. Kisha mchuuzi mmoja mzee, aliyebeba magunia naye miaka mingi, akaanza kucheka kimyakimya, mabega yakimtikisika, akasema, "Jamani, kweli! Mnakumbuka ule wa mfalme na maharage?" Na uani kote watu wakaanza kukumbuka, kila mmoja na uongo wake aliouziwa, na mama mkwe mwenyewe akasema ule wa mfalme yeye alikuwa ameuamini. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike, Asajile alikuwa amefika kwenye shughuli yake.

"Basi na wewe tupe mmoja," alisema yule mzee, akinipisha mahali kwenye chungu.

Niliutoa mrija wenye uzi mwekundu. Nikaupitisha puani, nikashukuru, nikavuta ya kwanza. Walikuwa wameshaanza kunisogelea. Nikavuta ya pili, nikajipangusa mdomo.

"Kuna nchi moja," nilisema, "inaitwa Niabani."